Kumsoma mbwa: mkia uache mwisho

“Alikuwa anatikisa mkia, mbona akauma?” Swali hili huletwa kwangu na watu wanaopenda mbwa, wala si wanaowaogopa. Wameshikilia kwamba mkia ukitikisika, mbwa kafurahi. Ndiyo maana mpangilio wangu hauanzi na mkia.

Hatua ya 1: Mjue akiwa hana habari na mtu

Mtazame amejilaza mahali alipozoea. Masikio yameelekea wapi? Mdomo uko wazi? Hiyo ndiyo kawaida yake, na kila kitu kingine kipime kwa hiyo.

Hatua ya 2: Mwili umelegea au umekakamaa?

Kama huna muda wa kuangalia kingine, angalia hiki. Mbwa mwenye raha hujipindapinda. Akiganda ghafla, hata kwa sekunde moja, acha unachofanya.

Hatua ya 3: Uso

Mdomo uliokuwa wazi ukifungwa, kuna kitu amekigundua. Kulamba pua pasipo chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa huku macho yamebaki kwako hadi weupe wake uonekane: hizo ni dalili za wasiwasi. Moja peke yake haitoshi. Zikija mbili au tatu pamoja, mpe nafasi.

Ile sura ya “kujuta” usiiamini. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alionyesha mwaka 2009 kwamba mbwa huitoa anapokaripiwa, hata kama hajafanya kosa lolote.

Hatua ya 4: Sasa mkia

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole.

Kutikisa mkia ni dalili ya msisimko, na msisimko una sura nyingi. Mkia unaopiga kwa upana, ukizungushwa pamoja na makalio, kwa kawaida ni wa furaha. Mkia uliosimama wima, mgumu, ukitetemeka kwa haraka nchani, ni onyo. Mkia wa chini unaotikiswa kidogokidogo mara nyingi ni wa mbwa anayeomba amani. Aliyeufyata katikati ya miguu anaogopa.

Lakini juu na chini hutegemea umbile. Mbwa wa aina ya Akita huukunja mgongoni hata akiwa ametulia. Wa aina ya Greyhound huushusha hata akiwa na furaha. Ukisahau hatua ya kwanza, utamwita wa kwanza mkali na wa pili mwoga. Aliyekatwa mkia hukuachia kisiki tu, basi rudi kwenye mwili na uso.

Kuna pia suala la upande. Mwaka 2007 watafiti wa Italia waliwapima mbwa 30: mkia ulielemea kulia mbwa hao walipomwona anayewafuga, na kushoto walipoonyeshwa mbwa mgeni mbabe. Linavutia, ila kwa macho matupu usilitegemee. Mimi humrekodi mbwa kwa simu, kisha nikaitazama video kwa mwendo wa polepole. Hiyo naipenda kuliko michoro yote ya mbwa wa katuni, kwa sababu mchoro hauonyeshi kilichotangulia wala kilichofuata.

Manyoya ya mgongoni yakisimama, usikurupuke kusema ni ukali. Hayo nayo ni msisimko tu. Hata mbwa anayecheza husimamisha.

Hatua ya 5: Muulize

Mkune kifuani kwa sekunde tatu, kisha ondoa mkono. Akikusogelea au akakugusa kwa pua, endelea. Akitazama kando au akaondoka, amekujibu.

Akinguruma, simama na urudi nyuma taratibu, wala usimkaripie. Ukimfundisha kunyamaza, hofu inabaki ila onyo limeondoka, na kitakachofuata ni meno.

Akilala chali, tumbo juu, usipeleke mkono mara moja. Mdomo wazi na miguu imelegea? Mkune. Midomo imebana, mkia umefyatwa, mwili umekaza? Anaomba umwache.