Somo: Usukani Mzito na Injini Inayoyumba katika Impreza WRX ya Zamani

Somo hili linahusu Subaru Impreza WRX ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1992 na kuendelea hadi mwaka 2000. Wengi wetu Afrika Mashariki tulilipenda gari hili kupitia mashindano ya Safari Rally nchini Kenya, ambako Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns akashinda mwaka 2000, wote wawili wakiwa ndani ya Impreza. Magari yaliyobaki mikononi mwetu sasa yana zaidi ya miaka ishirini, na malalamiko mawili hujirudia kuliko mengine yote: usukani kuwa mzito au kulia, na injini kuyumba au kuzimika gari likiwa limesimama, yaani pale mafundi wanaposema gari liko sailensi.

Ninaomba msomaji ashike jambo moja kabla hajagusa spana. Pampu ya usukani huzungushwa na injini kwa mkanda uleule unaozungusha altaneta, na usukani unapokunjwa hadi mwisho pampu huielemea injini. Swichi ndogo ya presha iliyo kwenye pampu huiarifu kompyuta, nayo hufungua zaidi valvu ya hewa ya sailensi ili injini isizimike. Kwa hiyo kasoro ya upande mmoja hujitokeza upande wa pili, na mtu anayezitibu kama magonjwa mawili yasiyojuana hununua vipuri vingi bila kupona.

Hatua ya kwanza hufanywa asubuhi, injini ikiwa baridi. Pima upepo wa matairi yote manne, kisha soma ukubwa ulioandikwa ubavuni mwa kila tairi na ulinganishe kina cha kashata zake. Gari hili huendeshwa na magurudumu yote manne, na tairi moja mpya kati ya tatu zilizokwisha huifanya difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ifanye kazi isiyostahili hata kwenye njia iliyonyooka. Ili kujua kama difu imeathirika, endesha polepole sana katika duara dogo kwenye lami, usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho. Gari likirukaruka au likijizuia kana kwamba limekanyagwa breki, uzito unaousikia mikononi hautoki kwenye usukani, na injini inayotaka kuzimika wakati wa kuegesha huenda inazimishwa na difu hiyo.

Hatua ya pili ni mafuta ya usukani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Washa injini, kunja usukani pande zote mara kadhaa bila kuukazia mwishoni, zima, kisha fungua chupa na utazame. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yamechoka. Mafuta yenye povu yana maana nyingine kabisa: pampu inavuta hewa. Hewa hiyo mara nyingi huingilia kwenye kiungio cha bomba linaloleta mafuta kutoka kwenye chupa, ambako kuna oringi, yaani pete ndogo ya mpira, inayokakamaa kwa joto la miaka mingi. Kwa kuwa upande huo unanyonya, hewa huingia bila tone la mafuta kudondoka nje, na fundi asiyeona uchafu chini ya gari huilaumu pampu. Gari langu la mwaka 1996 lilibadilishiwa pampu mara mbili katika gereji moja, na kila mara kilio kilirudi baada ya siku chache. Kilichohitajika kilikuwa oringi mpya, kibano kipya cha mpira wa kunyonyea, na kutoa hewa yote kwa kukunja usukani taratibu magurudumu ya mbele yakiwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake.

Kama mafuta ni safi na hayana povu, angalia mkanda. Mkanda uliolegea hupiga kelele usukani unapokunjwa mwisho, na taa za mbele hufifia wakati huohuo kwa sababu altaneta nayo imepungukiwa mzunguko. Baada ya hapo ndipo uende kwenye tairodi, boljointi, bushi za raki (chuma kinachosukuma magurudumu ya mbele kushoto na kulia) na kiungio cha shafti ya usukani, ambacho kikikauka hufanya usukani uwe mwepesi mahali pamoja na mzito mahali pengine katika mzunguko uleule.

Hatua ya tatu ni sailensi yenyewe. Injini ikishapata joto na viyoyozi vikiwa vimezimwa, mshale wa mizunguko ya injini unapaswa kutulia karibu na mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Usiuchukulie mngurumo wa kupishana wa injini hii ya mitungi ya kulala kuwa misi, yaani mtungi mmoja kutochoma petroli. Mngurumo huo unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Chini ya dashibodi, karibu na shafti ya usukani, kuna soketi mbili nyeusi za waya mmoja mmoja. Ukiziunganisha na kufungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, taa ya injini huwaka kwa hesabu: mwako mrefu ni makumi, mfupi ni mamoja. Namba 24 huelekeza kwenye valvu ya sailensi, 23 kwenye sensa ya hewa, na 21 kwenye sensa ya joto la maji.

Taa isipotoa namba, chomoa soketi ya valvu ya sailensi injini ikiwa inanguruma. Mzunguko usipobadilika hata kidogo, valvu imekwama au haipati umeme. Ifungue, isafishe kwa dawa ya kusafishia throtoli (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta) bila kulazimisha kilango chake kwa bisibisi, na uirudishe na gasketi mpya. Kagua pia mipira yote ya vakyumu na ile ya hewa kutoka kwenye sensa hadi throtoli, kwa kuwa hewa isiyopimwa huifanya injini ipande na kushuka bila kutulia. Usinyunyizie dawa inayoshika moto karibu na turbo iliyo moto.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, fundi wangu amenishauri akaze skrubu ya throtoli ili sailensi ipande na gari lisizimike. Nikubali?

Jibu: Ndugu yangu, usikubali. Skrubu hiyo iliwekwa kiwandani na kupakwa rangi ili isiguswe. Ukiigusa, sensa ya throtoli huenda ikaiambia kompyuta kwamba umekanyaga mafuta, na valvu ya sailensi haitadhibitiwa tena ipasavyo. Kasoro itakuwa imefichwa, na atakayekuja kuitafuta baadaye atakuwa na mbili.

Swali: Kaka, niliweka valvu ya turbo inayotoa upepo nje kwa sauti. Tangu hapo injini huzimika ninapoachia mafuta nikikaribia taa za barabarani.

Jibu: Hewa unayoitoa nje ilikwisha kupimwa na sensa, na kompyuta imeshaitengea petroli. Hewa ikipotea, petroli huzidi na injini hukabwa. Rudisha bomba la valvu kwenye njia ya hewa kabla ya turbo kama lilivyokuwa, halafu ujaribu barabara ileile kabla hujabadilisha kitu kingine.

Swali: Shikamoo mwalimu. Gari langu huzimika ninaporudi nyuma huku nimekunja usukani mwisho, lakini pampu haina sauti na mafuta hayana povu.

Jibu: Marahaba. Fanya kwanza lile jaribio la duara. Difu ikiwa salama, egesha, acha injini ingurume, na mtu akunje usukani ukiutazama mshale. Ukishuka bila kuinuliwa tena, kagua waya na soketi ya swichi ya presha, kisha valvu ya sailensi.

Swali: Dukani walikosa mafuta ya usukani wakanipa ya breki. Nimeshaweka kidogo, lakini sijawasha.

Jibu: Usiwashe, dada. Mafuta ya breki huharibu sili za mpira za pampu na raki. Yanyonye yote kwenye chupa kwa bomba la sindano, fungua mpira wa marejeo, yaani ule unaorudisha mafuta kwenye chupa, kisha mimina mafuta ya gia otomatiki ya daraja la Dexron II au la juu yake huku mtu akizungusha usukani kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na magurudumu ya mbele yakiwa juu ya stendi, mpaka yanayotoka yawe mekundu na safi.