Kunoa na kutunza wembe wa kukunja nyumbani

Wembe wa kukunja ukianza kung'oa ndevu badala ya kuzikata, usikimbilie kinoo. Mara nyingi unadai mkanda wa ngozi tu, ule wa kunyooshea makali, wenye upande wa ngozi na wa turubai. Kinoo kinakula chuma, na chuma kikishaliwa hakirudi.

Vinoo vya kuanzia ni namba 1000, 4000 na 8000; namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Cha 12000 ni raha zaidi, si lazima. Wembe wenye pengo au usiowahi kunolewa uanze na 1000. Uliokuwa mkali ukachoka, 8000 peke yake inatosha.

Kinoo chenyewe lazima kiwe bapa. Chora mistari ya penseli juu yake, kisha kisugue kwenye msasa wa maji namba 400 uliotandazwa juu ya kioo kinene, mpaka mistari ifutike yote. Msasa huo upo Kariakoo, ulizia maduka ya rangi za magari. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanalaumu wembe.

Lowesha kinoo, laza wembe mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Mgongo ndio unaopanga pembe, kwa hiyo usiuinue hata chembe. Sukuma makali yakitangulia, kwa mshazari, uanzie karibu na mpini na kumalizia kwenye ncha. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Mkono uwe mwepesi, na kwenye 8000 uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ukikandamiza, chuma chembamba kinapinda na kuacha kinyuzi cha chuma upande wa pili.

Kujua kama unagusa panapostahili, paka makali wino wa maka peni, pitisha mara mbili tatu, kisha tazama kwenye mwanga. Wino ukibaki ukingoni kabisa, bado hujafika. Usihamie 4000 mpaka makali yote, mwanzo hadi ncha, yakate vinyweleo vya mkono. Kosa la 1000 halitibiwi na 8000.

Kwenye mkanda mwendo ni kinyume: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukikosea hapo umeuchana mkanda na kuharibu makali kwa mpigo mmoja. Uvute ukaze, kwani ukilegea makali yanajikunja. Mara 20 upande wa turubai, 40 hivi wa ngozi, kila kabla ya kunyoa.

Dar adui mkubwa ni kutu: jasho la hewa na upepo wa chumvi. Usiuhifadhi bafuni. Ukishanyoa suuza, futa, upitishe kwenye mkanda mara chache, kisha uache wazi nusu saa, maana maji hujificha kwenye pini ya mpini. Kama hutautumia wiki nzima, upake tone la mafuta ya cherehani; ya nazi yanachacha na kunata. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vitie kwenye kisanduku chake. Kuua vijidudu, dawa ya klorini iache kabisa, inatoboa chuma; futa kwa spiriti, na wembe usiazimane na mtu.

Doa la kutu ubavuni linatoka kwa msasa 2000 na mafuta. Likiwa ukingoni, rudi 1000 mpaka liishe, la sivyo makali yatamegeka hapohapo.