Fomu uliyojaza haionekani? Itafute kwenye folda ya Temp

Tuseme umeketi kwenye saiba pale Kondele, Kisumu. Fomu ya kazi imekuja ndani ya faili ya zip (faili iliyobana nyingine ndani yake), ukaifungua hapo hapo kwenye programu ya WinRAR, ukajaza kurasa nne, ukasevu, ukafunga. Sasa ukiangalia Documents, fomu haipo, na zip yenyewe bado ina ile tupu. Mara nyingi kazi yako ingali kwenye kompyuta: imekaa katika folda ya muda inayoitwa Temp, na Windows huificha makusudi.

Kwanza kabisa, usiwashe mashine upya. Kompyuta nyingi za saiba zina programu kama Deep Freeze, ambayo kila mashine ikiwashwa upya hurudisha kila kitu kilivyokuwa mwanzo. Ikishafanya hivyo, ujuzi wa fundi hausaidii. Na kama dirisha la WinRAR bado liko wazi, liache vivyo hivyo, kwa sababu likifungwa huweza kufuta folda yake ya muda.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Kwenye kisanduku kinachotokea andika %temp% kisha Enter. Zile alama mbili za asilimia ndizo zinazoiambia Windows ikupeleke kwenye Temp ya mtu aliyeingia kwenye mashine wakati huo, yaani C:\Users\ kisha jina la mtumiaji, kisha \AppData\Local\Temp. Hapa ndipo wengi hukosea: ukiandika temp bila alama hizo, unapelekwa C:\Windows\Temp, ambayo ni folda ya mfumo. Itakuomba ruhusa, utabofya Continue, na fomu yako hutaiona humo. Kosa jingine la aina hiyo ni kuanzia kwenye dirisha lililofunguliwa kwa jina la msimamizi. Hapo %temp% inaweza kukupeleka kwenye Temp yake, si yako.

Ukifika, usishtuke ukikuta mamia ya faili. Chagua mwonekano wa Details, kisha bofya Date modified hadi za karibuni zije juu. Folda inayoanza na Rar$ ni ya WinRAR, 7zO ni ya 7-Zip, na Temp1_ ni ya zip ya Windows yenyewe. Fungua moja moja ukilinganisha saa.

Kiambatisho kilichofunguliwa ndani ya Outlook kinakaa kwingine. Andika kwenye kisanduku kile kile %localappdata%\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook, na ndani utakuta folda yenye jina la herufi na tarakimu zisizo na maana. Njia hii iandike yote, kwa kuwa INetCache imewekewa pia alama ya faili za mfumo na haitokei hata ukiruhusu vilivyofichwa vionekane.

Ukitaka kutembea kwa kipanya badala ya kuandika, ruhusu AppData ionekane: kwenye File Explorer ya Windows 11, bofya View, Show, Hidden items; kwenye Windows 10, weka tiki kwenye Hidden items ndani ya View. Itatokea kwa rangi iliyofifia.

Wenye saiba wengine hufunga kile kisanduku cha Windows na R. Jaribu kuandika %temp% kwenye upau wa anwani wa File Explorer. Ikikataa napo, mwite mhudumu. Hiyo ni mashine yake. Kama Windows inasema haiioni folda, huenda kigezo cha TEMP, yaani mpangilio unaoiambia folda hiyo iko wapi, kimeharibika. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha Windows na R, nenda Advanced, kisha Environment Variables. Katika sehemu ya juu, TEMP na TMP zote mbili zinapaswa kusoma %USERPROFILE%\AppData\Local\Temp.

Stima ikipotea katikati ya kazi, tafuta kwenye %appdata%\Microsoft\Word faili zinazoishia na .asd. Word huhifadhi nakala hizo kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa, na hufunguliwa kutoka ndani ya Word yenyewe. Lakini kama mashine ina Deep Freeze, stima ikirudi hutazikuta.

Ukiipata fomu, inakili kwenye flashi na ujitumie kwa barua pepe, kisha ufungue ile nakala uhakikishe majibu yako yamo. Baada ya hapo rudi Temp, ichague ile ya awali na ubonyeze Shift pamoja na Delete, ili isiende kwenye pipa la taka. Ina nambari yako ya kitambulisho, simu na PIN ya KRA, na dakika tano baadaye kiti hicho kitakuwa na mtu mwingine.