Ukichangia stoo ya chakula, kumbuka makaa

Wengi wetu hapa Kisumu tukichangia stoo ya chakula ya kanisa au msikiti inayogawia wasiojiweza, tunabeba maharagwe makavu. Mimi pia. Lakini mama wa mtaa wa Nyalenda anayetoka kibaruani saa moja jioni atayachemsha mpaka saa ngapi, na makaa ananunua kwa mkebe? Peleka ndengu au kamande, zinaiva upesi. Kama ni maharagwe tu, mwambie anayepokea ayaloweke usiku kucha. Ongeza chumvi na mafuta ya kupikia, vitu ambavyo husahaulika kila mara.

Uziulize kwanza familia za kutoka Kongo zinapenda nini. Pengine zingependa unga wa muhogo. Na mwenye ufunguo wa stoo afungue hata jioni, bila kudai kitambulisho mlangoni.