Namna ya kuungama dhambi kwa kuiita jina lake na kutengeneza na uliyemkosea

Wengi tumezoea kuomba hivi kabla ya kulala, Bwana nisamehe dhambi zangu zote, za kujua na za kutokujua, amina, alafu taa inazimwa. Mi nimeomba hivyo karibu mwaka mzima huku najua kabisa dhambi yangu inaitwaje. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, kile kikundi cha kuweka na kukopa, nikachukua elfu 60 ya hisa za mama mmoja nikalipia ada, kwenye daftari nikaandika hajaleta. Siku ya kikao akasemwa mbele ya watu wote, na mi nimekaa pale pale daftari liko mapajani, kimya. Zaburi 32 inasema niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa, jamani ni kweli kabisa.

Kwa hiyo kwanza iite dhambi jina lake. Usimwambie Mungu ulipitiwa, au hesabu ilipungua. Sema niliiba, nilidanganya, nilimsingizia mtu. Mi ilibidi nichukue kalamu niandike ndo nikaona ziko 3 siyo 1. Mwambie Mungu kabla ya mtu yeyote, na ujue 1 Yohana 1:9 haisemi ulie kiasi gani wala ufunge siku ngapi, inasema tukiziungama, basi.

Sasa kutengeneza, yaani kurudisha ulichochukua na kumwomba msamaha uliyemkosea, hapa ndo tunakwama. Wapendwa wa ule Uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya mpaka kwetu Tanzania, walikuwa wakiokoka wanabeba vitu walivyoiba wanarudisha kwa wenyewe. Hesabu 5:7 imetaja mpaka kiasi, rudisha chote uongeze sehemu ya tano, elfu 60 yangu ikawa 72. Siyo kwamba unanunua msamaha, huo Yesu alishaulipia msalabani, ila yule mtu alikaa bila hela yake muda wote huo. Kama huna yote mwambie ukweli mpange utalipaje.

Nenda mwenyewe, usitume hela kwa simu na meseji ya pole. Ukifika usianze kueleza shida zako, na ile "samahani kama nilikukwaza" iache kabisa, hiyo "kama" inamfanya yeye ndo aonekane mwepesi wa kukwazika. Nilimkuta uani anapeta mchele, nikasema mama, ile elfu 60 uliileta, niliichukua mimi nikaandika uongo, ukaaibishwa kwa ajili yangu, naomba unisamehe. Ungo ukasimama mikononi mwake. Usijaze ule ukimya kwa maneno, mwache.

Nani mwingine ajue? Ungamo lifike pale dhambi ilipofika, lisipite. Kama ulimtamani dada wa watu moyoni malizana na Mungu, ukienda kumwambia utamuumiza bure. Wangu aliaibishwa kikaoni kwa hiyo ilibidi nisimame kikaoni, nikavuliwa uhazina, na ilikuwa haki. Kama mlikosa wawili ungama ya kwako, jina la mwenzio usilitaje. Zile zinazojirudia rudia, pombe, picha chafu, tafuta mtu mmoja aliyekomaa kiimani na anayetunza siri akuombee kama Yakobo 5:16 inavyosema, siyo kwenye grupu la maombi lenye watu 200.

Na usidai msamaha siku hiyo hiyo. Kumwambia Biblia inasema lazima unisamehe ni kumkosea mara ya pili, Mungu amekusamehe tayari, uliyemkosea mpe muda wake. Yule mama alizihesabu zile hela, akasema nimesikia, akaendelea kupeta. Ilipita kama miezi 2 anaitikia salamu tu na kupita, mi nasalimia hivyo hivyo na kumwombea, alafu Jumamosi moja asubuhi mwanae akapiga hodi, shikamoo, mama anauliza kama utamuazima kinu.