Risasi za .22 zikae kivulini
Kwa anayelenga shabaha kwa bunduki ya .22 (yenye mtutu wa kipenyo cha inchi 0.22 hivi) katika jua la Tabora, boksi la risasi likae kivulini, na risasi isiachwe ndani ya mtutu uliokwisha kupata moto huku mpigaji akituliza pumzi. Baruti iliyopashwa joto huungua upesi zaidi na kuongeza kasi, kwa hiyo risasi hiyo moja hupiga juu ya wenzake, nawe ukahangaika kurekebisha darubini isiyo na kosa, kama nilivyofanya juzi kwenye karatasi ya mita 100. Mtutu mrefu si dawa ya tofauti hiyo, maana baruti kidogo ya risasi ya .22 huwa imekwisha kuungua kufikia sentimita 40 hadi 45 hivi za mtutu. Kivuli hakisaidii ukichanganya risasi za matoleo tofauti, na kwa mita 25 ni vigumu kuiona tofauti yenyewe.