Namna ya kuisoma rekodi ya Mwakilishi wako

Kila unapokaribia uchaguzi, maskani hugawika pande mbili: wanaosema Mwakilishi hajafanya kitu, na wanaohesabu mabati, jezi na pampu za maji alizoleta. Pande zote mbili zinapima kitu ambacho si kazi yake ya kwanza. Mwakilishi anapelekwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kuihoji Serikali, na kazi hizo zimeandikwa. Ukiwa na simu yenye intaneti, daftari na jioni chache, unaweza kuzifuatilia.

Anza kwa kujua unamtafuta nani. Kila jimbo la Zanzibar lina watu wawili: Mbunge anayekwenda Dodoma na Mwakilishi anayekwenda Chukwani. Polisi, uraia, uhamiaji, sarafu, elimu ya juu na mambo ya nje ni mambo ya Muungano, kwa hiyo Mwakilishi aliyekaa kimya juu ya pasipoti hajakosea kitu. Hospitali, skuli, maji, ardhi, kilimo, barabara za ndani na utalii ni ya Serikali ya Mapinduzi, na hapo ndipo pa kumbana. Taa za njiani na taka zinaanzia kwa diwani na baraza la mji au halmashauri. Usipotenganisha haya mapema, nusu ya daftari lako itajaa lawama za mtu mwengine.

Kisha angalia ameingiaje barazani. Wako wa majimbo, ambao ni 50 tangu uchaguzi wa 2020. Wako wanawake wa Viti Maalum, ambao Katiba imeifunga idadi yao kwenye asilimia 40 ya viti vya majimbo. Wako 10 wanaoteuliwa na Rais, na yuko Mwanasheria Mkuu kwa wadhifa wake. Mjumbe wa kuteuliwa hana jimbo, hivyo kumuuliza kisima cha shehia fulani, yaani eneo dogo la utawala ndani ya jimbo, ni kumwonea. Mpime kwa kamati yake na kwa michango yake kwenye miswada.

Hesabu za majimbo zina mtego wake. Uchaguzi wa 2010 ulikuwa na majimbo 50, wa 2015 ukawa na 54, na 2020 yakarudi 50. Mipaka ilisogea, baadhi ya majina yakabadilika. Mwakilishi aliyekaa vipindi vitatu huenda hakuwakilisha shehia zile zile muda wote. Kabla ya kuandika "ameliongoza jimbo hili tangu 2010", hakikisha shehia yako ilikuwamo.

Sasa andika safari yake ya uongozi kwa mabaraza, maana nyaraka zimepangwa hivyo. Baraza la Wawakilishi lilianza 1980. Baraza la Nane ni la 2010 hadi 2015, la Tisa 2016 hadi 2020, la Kumi 2020 hadi 2025. Ndani ya kila baraza kuna mikutano, na ndani ya mkutano kuna vikao vya siku moja moja. Kwa kila baraza andika chama, jimbo, kamati na wadhifa. Usichukulie kwamba aliyeanza ndiye aliyemaliza. Kiembesamaki katika Baraza la Nane ilikuwa na Mansoor Yussuf Himid mpaka 2013, alipovuliwa uanachama wa CCM na kiti kikaondoka pamoja na uanachama. Uchaguzi mdogo wa 2014 ukamleta Mahmoud Thabit Kombo. Jimbo moja, baraza moja, watu wawili. Anayetafuta kwa jina la jimbo peke yake atampa mmoja maneno ya mwenziwe.

Chanzo kikuu ni Hansard, yaani taarifa rasmi ya kila kikao, iliyoandikwa kwa Kiswahili neno kwa neno. Zipo kwenye tovuti ya Baraza, na njia nyengine ni kuuliza afisini kwao. Mwanzoni mwa Hansard kuna orodha ya wajumbe pamoja na nyadhifa na majimbo. Herufi MBM pembeni ya jina maana yake ni Mjumbe wa Baraza la Mapinduzi, yaani huyo yumo serikalini. Fungua faili, tumia sehemu ya kutafutia maneno, andika jina. Ikikwambia hakuna kitu, usikimbilie kusema hakuzungumza. Jaribu tahajia nyengine: Mohamed na Mohammed, Khamis na Hamis, Suleiman na Sleiman. Majina yetu yanafanana, kwa hiyo thibitisha kwa majina matatu na jimbo. Na kama faili ni picha ya karatasi iliyopigwa skana, kutafuta hakutafanya kazi kabisa. Itabidi upekue ukurasa kwa ukurasa, ukianzia kipindi cha maswali.

Kipindi hicho ndicho chenye mavuno makubwa kwa mwananchi wa kawaida. Kuna swali la msingi, lililopelekwa mapema kwa maandishi, na kuna maswali ya nyongeza yanayoulizwa papo hapo baada ya jibu la Waziri. Andika tarehe ya kikao, namba ya swali, wizara na jibu. Idadi ya maswali peke yake haisemi mengi. Mjumbe anaweza kuuliza maswali mengi ambayo majibu yake yamo kwenye hotuba ya bajeti ya mwaka uliopita, na mwenziwe akauliza matatu tu yaliyomlazimisha Waziri kutaja fedha na tarehe. Hilo la pili ndilo la kupewa uzito. Gawa majibu mafungu matatu: yenye tarehe na fedha, yenye kimoja kati ya viwili hivyo, na yale ya "Serikali iko mbioni". Halafu tafuta kama mjumbe alirudi kuliuliza fungu la tatu katika mkutano mwengine. Wengi hawarudi.

Ukikuta jina lake halimo kwenye maswali kabisa, angalia kwanza kama alikuwa Waziri au Naibu. Mawaziri wa Zanzibar wanatoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza, nao wanajibu maswali, hawaulizi. Rekodi ya Waziri isome kwenye majibu aliyotoa na miswada aliyowasilisha. Wala usitarajie apinge muswada wa Serikali; akitaka kufanya hivyo, kwanza anatoka serikalini.

Kwenye kura ndipo watu wanapokwama. Hoja nyingi huamuliwa kwa sauti: wanaokubali wanasema, wanaokataa wanasema, Spika anatangaza walioshinda. Hansard haitakuonesha nani alisema nini. Kubadilisha Katiba ni tafauti, kwa sababu kunahitaji thuluthi mbili ya wajumbe wote, na hapo hesabu lazima ijulikane. Kwa sheria za kawaida, msimamo wa mjumbe utafute kwenye mchango wake wakati muswada unasomwa mara ya pili, na zaidi wakati Baraza linapokaa kama kamati kupitia kifungu kwa kifungu. Anayeinuka kusema kifungu fulani kifutwe au kibadilishwe neno moja, huyo ameusoma muswada. Anayepongeza dakika zote alizopewa kisha akasema "naunga mkono hoja" hajakuachia cha kuandika. Linganisha muswada uliowasilishwa na sheria iliyotoka kwenye Gazeti Rasmi, uone kama lile neno lilibadilika. Tafuta sheria kwa namba na mwaka pamoja, mfano Sheria ya Mtoto Nam. 6 ya 2011, kwa sababu namba zinaanza upya kila mwaka.

Hoja binafsi ni chache, lakini ndizo zinazoonesha mjumbe anaweza nini nje ya ratiba ya Serikali. Mfano mzuri wa kujifunzia ni ile ya Januari 2010 ya Abubakar Khamis Bakary, aliyekuwa kiongozi wa upinzani barazani, kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Fuata nyayo zake: hoja, sheria ya kura ya maoni, kura yenyewe tarehe 31 Julai 2010 ambapo waliokubali walikuwa asilimia 66.4, kisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba. Lakini usimpe mtoa hoja sifa zote: maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais wa Zanzibar Amani Karume na Katibu Mkuu wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, yalikuwa yamekwishafungua mlango. Kila unapokuta hoja iliyofanikiwa, uliza ni nini kilitangulia.

Bajeti inajadiliwa Mei na Juni, mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai. Chukua hotuba ya wizara inayohusika na ahadi uliyoiandika kutoka kwenye majibu ya Waziri, tafuta mradi wako, na usome safu mbili: fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa. Skuli iliyoidhinishiwa fedha bila kutolewa bado haijajengwa. Hotuba inayofuata huwa na maelezo ya utekelezaji wa miezi tisa, Julai hadi Machi, kwa hiyo mradi uliolipwa Mei hautaonekana. Usubiri ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kama mjumbe wako yumo kwenye kamati inayochunguza hesabu za Serikali, ripoti za kamati hiyo ni muhimu kuliko hotuba zake zote.

Mfuko wa Jimbo uweke ukurasa wake peke yake. Ni fedha za umma, na Mbunge naye ana wa kwake, hivyo uliza kila mradi umetoka mfuko upi, umegharimu kiasi gani, na shehia zipi zimepata. Sheha, yaani mkuu wa shehia, na kamati ya jimbo ndio wa kuanzia. Alichotoa mfukoni mwake ni sadaka. Kiandike pembeni au usikiandike.

Usipime mtu kwa mkutano mmoja, chukua angalau miaka miwili ya bajeti. Ukimaliza, mpelekee mwenyewe yale ambayo hukuyaona, kwa maandishi, pamoja na tarehe za vikao. Barua inayotaja kikao na namba ya swali ni ngumu kujibiwa kwa maneno matupu, na anaweza kukuonesha mchango ulioukosa kwa sababu jina lake liliandikwa kwa herufi moja tafauti.